Chumba Ambacho Baba Alikisikia

Nakumbuka asubuhi ile vizuri kuliko ninavyoikumbuka siku ya ndoa yangu, mwanangu, na marehemu mume wangu alilijua hilo akanisamehe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya sanduku la mbao lililonizidi kimo, na mkononi nilishika kipande cha karatasi ya kung'aa nilichokitoa ndani ya pakiti ya sigara. Upande wa pili wa sanduku, juu ya kigoda, baba yangu aliketi akingoja kuona. Alikuwa amevaa koti lake la misa. Macho yake yalikuwa yanakufa.

Wewe unanijua kama bibi mkali wa Mulongwe anayetengeneza redio na simu. Jana uliniletea chaja uliyoifunga kwa waya na utepe, nikakukaripia mbele ya watu, ukaondoka umenuna. Ukadhani ni uzee. Uzee upo, siukatai, lakini ukali ule una kisa chake. Kaa hapo. Umeme umekatika, na mimi umeme ukikatika sina kazi ila mdomo.

Enzi hizo nchi iliitwa Zaire. Nilitoka kwetu Bwegera, kwenye mpunga, nikashuka Uvira kusoma, nikafikia kwa Papa Ramazani, rafiki wa baba tangu ujana wao. Alikuwa na duka la nyavu na taa za wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Asubuhi nilimsaidia dukani, mchana nilikwenda masomoni. Siku moja alikwenda bandarini Kalundu kupokea taa zilizokuja na meli, akarudi na taa chache kuliko alizoagiza, na mkokoteni uliobeba sanduku kubwa kama kabati. Namna alivyolipata hakuwahi kuieleza vizuri, hata kwa mke wake.

Ilikuwa mashine ya mchezo. Usiiwazie kama simu yako hiyo unayoitia mfukoni. Ilikuwa na kioo cha televisheni kilicholazwa ubavu, kijiti cha kushika kwa mkono wa kushoto, na vitufe viwili vya mkono wa kulia. Tundu la sarafu lilikuwa la sarafu za nchi nyingine, kwa hiyo Papa Ramazani alifunga kitufe cha kengele ya mlango pembeni, ukikibonyeza unaanza. Ndani ya kioo palikuwa na mlima, na ndani ya mlima palikuwa na vyumba. Mtu mdogo mwenye mwenge alipita chumba hadi chumba akitafuta funguo, huku nyoka wakitoka ukutani na mawe yakidondoka. Funguo tatu, na mwisho lango la moto. Nyuma ya lango kulikuwa na chumba cha mwisho, na katika pwani yote hii, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, hakuna aliyewahi kukiona.

Sijui nikuambieje mshangao wetu, ninyi mliozaliwa mkikuta picha zinatembea. Wavuvi walioshinda na mawimbi usiku kucha walikuja asubuhi wakasimama mbele ya kile kioo kama watu waliofika kanisani wakakuta misa imeshaanza. Mimi mwenyewe nilikuwa nikizima mashine, nikasimama pale nimeshika waya, nikajiuliza: mlima umekwenda wapi? Nikiwasha, upo palepale, nyoka yuleyule, jiwe lilelile. Majina yetu tuliyoyaandika kwa kushinda iliyasahau kila umeme ulipokatika, lakini mlima haikuusahau hata siku moja. Jambo hilo lilininyima usingizi. Katika barua zangu zote za nyumbani niliandika habari za mlima, na mdogo wangu akamsomea baba.

Papa Ramazani alinipa amri moja tu. Nyuma ya mashine, kwenye njia ya umeme wa kile kioo, palikuwa na kichupa cha kioo chembamba chenye uzi ndani, fyuzi, au fizibo kama tusemavyo hapa. Aliniambia, "Furaha, ile fizibo ikiungua, usiweke kitu. Uniite. Weye hauko fundi." Kweli sikuwa fundi. Lakini nilikuwa mchezaji hodari kuliko wote, na mwanangu, mtu akisifiwa kwa jambo moja huanza kujiona anayajua yote.

Basi mto ukaja. Mulongwe unaujua, haupigi hodi. Uliingia mtaani, ukaingia dukani, tukainyanyua mashine juu ya matofali. Maji yalilamba miguu yake tu. Yalipokauka tukafuta tope, tukawasha, mlima ukatokea, tukamshukuru Mungu, tukasahau.

Wiki iliyofuata baba akafika na lori la mchele kutoka Luberizi. Alikuwa amekwenda kuonana na daktari wa macho, na daktari hakumficha. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia litalifuata kabla ya mavuno mengine. Aliniambia hayo mlangoni, amesimama, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Kisha akasema, "Lori inarudia mangaribi. Minye nilitaka kwanza nione ile mulima yako. Mu barua zako zote iko ile mulima."

Nilimshika mkono nikamketisha kwenye kigoda. Nikabonyeza kuwasha. Kioo kikabaki cheusi.

Nikazunguka nyuma. Fyuzi ilikuwa imeungua, kichupa kimefuka moshi ndani. Papa Ramazani alikuwa Kalundu, angerudi saa sita. Sikiliza vizuri hapa, mwanangu, maana hapa ndipo ninapojiuma vidole hadi leo: saa sita ilikuwa mapema. Lori lilikuwa la magharibi. Kulikuwa na muda wa kumngoja mwenye mali, kula ndagala, kunywa chai, na bado kubaki na muda. Haraka haraka haina baraka, nililijua neno hilo tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Lakini niliona aibu kumwambia baba angoje. Nilimwona na koti lake, nikasema moyoni, mzee huyu amengoja vya kutosha. Nikamwambia, "Papa, dakika moja tu." Nikakunja ile karatasi ya kung'aa, nikaizungushia fyuzi iliyokufa, nikaibana mahali pake.

Nikazunguka mbele, kioo kikawaka. Kwanza ule weupe wa ukungu, kisha rangi ya kijani ya mguu wa mlima ikaanza kupanda polepole kama inavyofanya siku zote. Nikasikia baba akivuta pumzi. Aliinyoosha mikono yote miwili mbele yake.

Halafu harufu. Halafu mlio mkali mwembamba kama wa mbu sikioni, na moshi ukatoka juu ya sanduku. Kijani kikajikunja katikati kikawa nukta moja nyeupe, nukta ikazimika. Nilichomoa waya ukutani.

"Iko nini?" baba akauliza. "Ni minye? Ni macho yangu?"

Mwanangu, alidhani jicho lake la mwisho limekufa saa ile ile. Sikupata kuona woga katika uso wa baba yangu kabla ya siku hiyo, wala baada yake, na mwenye kuuleta nilikuwa mimi. Nikapiga kelele, "Hapana, Papa! Ni mashine! Mashine ndiyo imeungua!" Akashusha mikono. Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea: "Fungua mugongo. Nione kule inatokea."

Niliuondoa mlango wa nyuma, nikaisogeza mashine hadi jua la mlangoni liingie ndani. Nilijua kuwa kile kioo kikubwa hakiguswi, kwa sababu kinaweza kushika umeme hata waya ukiwa umechomolewa, na Papa Ramazani alinionya mara mia. Lakini chini yake palikuwa na kibao cha kijani, kipana kama sinia, kilichosimama peke yake kwenye mbao. Nikakitoa nikakiweka magotini mwa baba.

Alikileta karibu na jicho hadi pua ikakaribia kukigusa. Alianza pembeni. Kidole chake kilifuata mstari mmoja wa kung'aa, ukagawanyika miwili, ukaenda kwenye kipande cheusi chenye miguu ya fedha, ukatoka upande wa pili, ukakunja kona, ukarudi. Alifuata mwingine. Na mwingine. Nilimwona midomo yake ikihesabu, vile alivyofanya akipita kwenye mifereji.

"Mana yanje!" akamwita Mungu kwa Kirundi chake. "Hii ni shamba."

"Papa?"

"Angalia. Huku maji inaingia. Hapa mufereji. Hapa inagawanyika, kila jaruba inapata yake, moja haiibi ya mwenzake. Mutu aliyefanya hii alijua maji." Akapitisha kiganja chote juu ya kibao kama anapapasa mgongo wa ndama. "Na nguvu yake inatoka wapi?"

"Kwenye bwawa la Ruzizi, Papa. Umeme wote wa Uvira unatoka kule."

Akainua uso. "Ruzizi yetu?"

"Ruzizi yetu."

Machozi yakamtoka, mwanangu, na hayakuwa ya huzuni. Mtu aliyeishi miaka yote kando ya mto ule, akiuombea ukijaa na kuuombea ukipungua, aliambiwa kwamba ni mto huohuo unaofanya mlima utokee ndani ya sanduku. Nami nikalia kwa sababu nilikuwa nimeishi na mashine ile mwaka mzima, nimeisugua, nimeicheza, nimeiota, na sikuwahi kuiona. Yeye mwenye nusu ya jicho aliiona kwa robo saa. Nywele zilinisimama. Zinanisimama hata sasa.

Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya upole, "Na mulango ya majani iko wapi?"

Nikajua anauliza nini. Wewe hujalima mpunga, nikueleze. Kwetu Bwegera, mtu akijenga tuta la kuzuia maji ya jaruba, huacha mahali pamoja pawe chini kidogo, asiweke udongo mgumu, aweke nyasi tu. Huo ndio mlango wa nyasi. Maji yakizidi, nyasi hupasuka pale, yakatoka, tuta likabaki. Kesho unarudisha nyasi, lakini kwanza unapanda mferejini kuangalia maji yalizidi kwa sababu gani. Nilipokuwa na miaka tisa niliukuta mlango huo umepasuka, nikajitia ufundi, nikauziba kwa udongo wa mfinyanzi, nikaukanyaga hadi ukawa jiwe. Nikangojea sifa. Mvua ilipokuja maji yakakosa pa kutokea, yakapasua tuta katikati, yakaondoka na miche yetu na ya jirani. Siku ile baba alinieleza mara moja, nikasema nimeelewa.

Sasa nikachomoa ile fyuzi, nikamtia mkononi na karatasi yake. "Mulango ya majani ni hii, Papa. Iliungua. Nikaiziba."

Aliipapasa kwa vidole. Akaikunjua karatasi, akaisikia inavyolia. Baba hakuwahi kunipiga, na asubuhi ile nilitamani angenipiga.

"Weye mutoto wa muchele," akasema. "Mutu wa muji angefanya ivi, ningemuhurumia. Lakini weye? Mara mbili?" Akanirudishia. "Ile kitu kidogo ilikufa juu ya kukuambia maji imezidi. Na weye ukaifunga mudomo."

Nikaanza kuikunja karatasi ile niitupe nje kabla Papa Ramazani hajarudi. Ningesema umeme ulikuja kwa nguvu, nani angejua? Baba hakuona nilichofanya, lakini alisikia mlio wa karatasi. "Usiitupe," akasema. "Muficha uchi hazai. Utamuonyesha mwenyewe."

Papa Ramazani alifika kabla hata ya saa sita. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, karatasi kiganjani. Alitia mkono katika mfuko wa shati akatoa kikopo kidogo, akakifungua: fyuzi tano mpya, amezinunua bandarini asubuhi ileile. Aliziweka juu ya meza mbele yangu, akaenda kuangalia nyuma ya mashine. Alifuata waya hadi chini, akakuta pale mto ulipolamba, tope limeganda ndani ya kiungio, bado lina unyevu. Hilo ndilo fyuzi ilikuwa inajaribu kuniambia. Kufuta tope tu, mwanangu, na kungoja.

"Kioo imekufa," akasema. "Hii haitapona."

Baba akavua kofia. "Ramazani, unisamehee mutoto."

"Mutoto amesema mwenyewe. Angenidanganya, angerudia Bwegera na ile lori yako." Akaendelea kuchungulia. "Lakini kibao iko na njia yake ingine ya umeme. Tujaribu."

Akakirudisha kibao, akakata nyaya za kioo, akasafisha kile kiungio, akakikausha kwa taa ya wavuvi, akachomeka, akabonyeza kitufe cha kengele. Kioo kikabaki cheusi, kama ilivyotazamiwa. Kisha, kutoka ndani ya mbao, muziki wa mlima ukaanza kupiga.

Hakuna kati yetu aliyesogea. Mlima ulikuwa mzima mle ndani, gizani, ukiendelea na mambo yake kama kwamba hakuna kilichotokea.

"Cheza," Papa Ramazani akaniambia.

"Sioni."

"Papa yako naye haone. Cheza."

Baba alisogeza kigoda hadi akaweka kiganja kwenye ubavu wa sanduku. Nikashika kijiti. Mkono wangu ulijua njia, kwa sababu vyumba vilikuwa vilevile kila siku: hatua sita, ruka, nyoka analia kushoto, ngoja, shuka. Nikamweleza kila kitu. Sasa tuko kwenye chumba cha maji, Papa, sikia matone. Sasa ufunguo wa kwanza, ile kengele ni yake. Nilikufa katika chumba cha mawe, nikafa tena hapohapo, nikabaki na uhai mmoja, na funguo zote tatu.

Tukafika lango la moto. Mbele ya lango lile nilikuwa nimekufa mara zisizo na hesabu, kwa sababu miali ilinitisha macho nikaruka kabla ya wakati. Sasa hapakuwa na miali. Palikuwa na ngoma tu, ambayo siku zote ilikuwepo na sikuwahi kuisikiliza: tatu, kimya kifupi, mbili, kimya kirefu. Baba aliihisi kwa kiganja kabla yangu. "Ngoja," akanong'ona. "Ngoja. Ngoja. Sasa!"

Nikaenda. Ngoma ikakoma. Na kutoka ndani ya sanduku ukaja wimbo ambao hakuna mtu wa pwani hii aliyewahi kuusikia, wa polepole, unaopanda ngazi kwa ngazi, kisha unashuka kama mtu anayefika nyumbani akivua viatu. Wavuvi wawili waliokuja kununua taa walisimama mlangoni wakavua kofia zao, hata sijui kwa nini. Papa Ramazani alifunika uso kwa mkono. Mimi nilikuwa naomba tu usiishe.

Uliisha. Baba akauliza, "Mule mu chumba, iko nini?"

"Sijui, Papa. Sikuona."

Akacheka, kicheko kizuri cha mtu aliyeshiba. "Basi tuko sawa, mama. Minye na weye."

Alipanda lori magharibi. Alichokiona katika mlima wangu ni ule ukungu wa kijani tu, na aliniambia mlangoni kwamba ulifanana na mpunga ukiwa mdogo. Angeuona wote kama ningengoja saa moja tu. Hilo nalibeba, na sikuombi unisaidie kulibeba. Kabla ya mavuno jicho lilizimika. Papa Ramazani alinipeleka kwa fundi redio nikajifunze kazi, akisema anayeunguza ajue kutengeneza, na ndiyo kazi iliyowalea nyinyi wote. Baba aliishi miaka mingi gizani, akitembea juu ya matuta yake kwa miguu mitupu bila kukosea, na kila alipotembea aliimba kwa pua ule wimbo wa chumba cha mwisho. Watu wa Bwegera walidhani ni wa kanisani.

Mwezi uliopita mdogo wako aliutafuta mchezo ule kwenye simu akaupata. Akanijia mbio: "Bibi, banaonyesha hadi chumba ya mwisho! Uangalie!" Nilimwambia aniwekee. Kisha nikachukua simu nikailaza kifudifudi mezani, nikasikiliza. Ulikuwa ni wimbo uleule. Katika miaka yote ile baba alikosea sauti moja tu, karibu na mwisho, ambapo yeye aliipandisha na wenyewe wanaishusha. Nimeona ya baba ni nzuri zaidi. Kilichomo chumbani bado sikijui.

Basi shika haya, mwanangu. Kitu kidogo kikikatika mbele yako, fyuzi, au urafiki, au subira ya mama yako anapokwambia hapana, usikimbilie karatasi ya kung'aa. Kinaweza kuwa mlango wa nyasi, kimekufa ili wewe usiungue. Panda mferejini kwanza, uangalie maji yamezidi wapi. Unayempenda mwambie angoje, wala usione aibu, maana kungoja hakujaua mtu na haraka yangu ilimnyima baba mlima. Na ukishakosea, fungua kiganja uonyeshe karatasi yako mchana kweupe, kwa sababu kibao kinaweza kuwa bado kizima na wewe hujui.

Mungu wa baba yangu akupe macho ya kuona na sikio la kukuvusha pale macho yasipofika. Ruzizi ikuletee maji ya kutosha, wala isikuletee ya kukubomoa. Na siku utakapofika kwenye lango lako la moto, awepo mtu kando yako, kiganja juu ya mbao, wa kukunong'oneza: ngoja, ngoja, sasa.